Michoro ya Kondoa: Urithi wa dunia mikononi mwa wanavijiji

Kaskazini ya Dodoma, kwenye kingo za Bonde la Ufa, kuna miamba ambayo watu wa kale waliichora kwa rangi nyekundu, na waliokuja baada yao wakaichora kwa rangi nyeupe. Michoro hiyo imetawanyika katika eneo la kilomita za mraba 2,336, na mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Hata hivyo, Kondoa si makumbusho. Katika baadhi ya miamba hiyo wenyeji wangali wakifanya matambiko ya kuomba mvua na kuwaombea wagonjwa. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wataalamu wa mambo ya kale hawajalimaliza: je, urithi huu unalindwa dhidi ya nani, na kwa niaba ya nani?

Mahali na watu wake

Kijiji cha Kolo, ambacho ndicho lango la michoro, kipo kandokando ya barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Babati, kaskazini kidogo ya mji wa Kondoa. Barabara hiyo ni sehemu ya ile ambayo Waingereza waliota kuifikisha kutoka Cape Town hadi Cairo. Kwa miongo mingi ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Lami ilikamilika mwaka 2018.

Ni maeneo machache barani Afrika ambako lugha za asili tofauti kabisa hukutana kama hapa. Warangi, ambao ndio wengi katika vilima vya Kondoa, husema lugha ya Kibantu. Waasi na Waburunge husema lugha za Kikushi. Wabarabaig na Wamaasai, ambao ni wafugaji, husema lugha za Kiniloti. Wasandawe, ambao wengi wao wako upande wa kusini-magharibi, katika wilaya ya Chemba, husema lugha yenye sauti za vidoko, ambayo wataalamu wengi wameilinganisha na lugha za watu wa jangwa la Kalahari.

Mji wa Kondoa wenyewe ulikuwa kituo cha misafara iliyotoka pwani kwenda bara, na kwa njia hiyo Kiswahili na Uislamu vilikita mizizi mapema. Kwa hiyo mtu wa Kondoa anaweza kuwa Mrangi kwa kabila, Mwislamu kwa dini, na wakati huohuo akatambua kuwa kule mlimani kuna jiwe ambalo babu zake hawakulipita bila kunyamaza.

Nyekundu na nyeupe

Michoro haikuchorwa ndani ya mapango yenye giza. Mingi iko chini ya miamba mikubwa iliyojitokeza kama paa, mahali ambapo mtu angeweza kujikinga na mvua na jua huku akiwa analiona bonde lote mbele yake. Idadi ya vikingio hivyo inakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450.

Michoro ya zamani zaidi ni ile ya rangi nyekundu na kahawia. Wachoraji walisaga udongo wenye chuma, yaani ngeu, na kuuchanganya na kitu cha kushikiza rangi. Kwa mistari myembamba walichora twiga, tembo, pofu, swala na wanyama wengine wa porini. Walichora pia binadamu warefu, wembamba mno, wenye vichwa vya duara au nywele zilizotimka. Baadhi yao wameshika pinde, na wengine wanaonekana wakicheza au wakiinama.

Michoro myeupe ni ya karibuni zaidi, na mahali pengi imechorwa juu ya ile nyekundu. Mistari yake ni minene, na maumbo yake mengi ni ya duara, nukta na alama ambazo maana yake haionekani kwa macho tu. Eneo la Pahi linajulikana hasa kwa michoro ya aina hii. Michoro myeupe hunasibishwa na wakulima na wafugaji, ilhali ile myekundu hunasibishwa na wawindaji na wachuma matunda.

Hiyo ndiyo sababu kuu iliyoifanya UNESCO iikubali Kondoa. Juu ya uso wa jiwe moja mtu huweza kuona jamii ikibadilika kutoka maisha ya kuwinda na kuingia katika maisha ya jembe na zizi.

Waliochora ni akina nani?

Umri wa michoro bado ni jambo la mabishano, kwa kuwa rangi ya madini haipimwi kwa urahisi kama mkaa au mfupa. Lakini ardhi iliyo chini ya miamba imetoa ushahidi wake. Katika kikingio cha Kisese, ambacho kilichimbwa na mwanaakiolojia Ray Inskeep mwaka 1956, vilipatikana zana za mawe, vipande vya ngeu na shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni. Uchunguzi mpya wa vitu hivyo umeonyesha kuwa watu walikuwa wakiishi hapo zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Hilo halina maana kwamba michoro ina umri huo. Maana yake ni kwamba mahali hapa pamekuwa makao ya binadamu tangu enzi za mbali sana.

Kuhusu wachoraji wa michoro myekundu, watafiti wengi huelekeza kidole kwa mababu wa Wasandawe na wa Wahadzabe. Mtafiti Eric ten Raa, aliyeishi miongoni mwa Wasandawe, aliandika mwaka 1971 kwamba desturi ya kuchora miambani ilikuwa bado haijafutika katika kumbukumbu zao.

Ushahidi mwingine unatokana na ngoma ya Kisandawe iitwayo simbo, ambamo wachezaji huingia katika hali ya kupagawa. Katika mwamba mmoja wa Kolo kuna mchoro mashuhuri wa watu watano: mmoja yuko katikati, na wengine wanamshika mikono kutoka pande mbili. Kuna waliosema ni tukio la utekaji wa mwanamke. Wengine, wakiitazama simbo, wamesema ni mtu aliyepagawa anayeshikwa na wenzake asianguke. Mchoro ni uleule. Kilichobadilika ni nani aliyeulizwa.

Kazi ya Mary Leakey

Wataalamu Louis na Mary Leakey, ambao majina yao huambatana zaidi na Bonde la Olduvai, walifika Kondoa tangu miaka ya 1930. Mwaka 1951 walirudi na kupiga kambi, na Mary akainakili michoro kwa mkono, umbo kwa umbo. Baadaye alikitaja kipindi hicho kuwa miongoni mwa vipindi vya furaha kubwa katika kazi yake. Kitabu alichokitoa mwaka 1983 kilikuwa na jina lenye onyo ndani yake, kwani kilizungumzia sanaa ya Afrika inayotoweka.

Kazi ya ugunduzi haijakwisha. Mwaka 2018 mtafiti kutoka Poland, Maciej Grzelczyk, alikuta michoro iliyokuwa haijaandikwa popote katika kikingio cha Amak'hee 4, katika pori la akiba la Swaga Swaga. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Humo mna maumbo matatu ya binadamu ambayo vichwa vyao vinafanana na vya nyati.

Mungumi wa Kolo

Sehemu iliyo maarufu kuliko zote ni Mungumi wa Kolo, mwamba mkubwa ulio juu ya mlima, ambao ili kuufikia ni lazima kukwea kwa miguu. Kwa mtalii ni kilele cha safari. Kwa Warangi wengi ni mahali pa mizimu.

Waganga hufika hapo na watu wao wakati wa ukame, maradhi au balaa. Mnyama huchinjwa, na pombe ya nafaka humwagwa au kupulizwa kwenye mwamba. Tone lile la pombe kwa mwenye tambiko ni sadaka. Kwa mhifadhi ni unyevu unaoweza kuibandua rangi ambayo haiwezi kurudishwa tena.

Ugumu uko katika sheria. Michoro imekuwa chini ya hifadhi ya kisheria tangu mwaka 1937, wakati wa ukoloni wa Waingereza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda majengo, vitu na maeneo; mazoea na imani hazikupewa nafasi ya maana. Kinyume chake, UNESCO ilipoiorodhesha Kondoa mwaka 2006 ilitaja waziwazi kwamba matambiko yanayoendelea ni sehemu ya thamani yake.

Kwa hiyo serikali imekabidhiwa kulinda vitu viwili vinavyovutana: rangi iliyo juu ya jiwe, na uhai wa desturi inayoligusa jiwe hilo. Ukiwafukuza waganga, umehifadhi picha na umeua sababu ya wenyeji kuzilinda. Ukiwaachia kabisa, huenda wajukuu wao wakakuta jiwe tupu.

Uzoefu wa nyuma una funzo. Wakati fulani baadhi ya vikingio vilizungushiwa vizimba vya nguzo na nyavu za waya. Havikudumu, kwani waya na miti vilikuwa na matumizi mengine kijijini. Uzio usiokuwa na maana kwa aliye jirani nao haulindi kitu.

Hazina ya Wajerumani

Hatari nyingine haitokani na imani ya kale bali na uvumi wa karne iliyopita. Aprili 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya upande wa Uingereza chini ya Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini yaliuteka mji wa Kondoa. Mwezi uliofuata Wajerumani, wakiongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, walijaribu kuurejesha wakashindwa.

Baada ya vita ilibaki hadithi kwamba Wajerumani walifukia dhahabu milimani kabla ya kuondoka, na kwamba michoro ni ramani yake. Kutokana na hadithi hiyo, watu wamechimba mashimo chini ya miamba, Mungumi wa Kolo ikiwa mojawapo. Dhahabu haikuonekana. Kilichopotea ni tabaka za udongo zilizohifadhi zana na shanga, yaani hazina ya kweli.

Ardhi iliyojeruhiwa

Historia ya Kondoa inasomeka pia katika udongo wake. Ukataji wa miti na wingi wa mifugo viliacha makorongo makubwa mekundu. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Miti ilirudi na makorongo mengi yakatulia, lakini familia nyingi za wafugaji zililipa gharama kubwa. Wazee wanaozungumza na maafisa wa hifadhi leo hawajasahau kwamba neno "hifadhi" liliwahi kumaanisha kunyang'anywa.

Kwa anayekwenda

Mgeni huanzia katika kituo cha mambo ya kale kijijini Kolo, ambako hupewa mwongozaji. Ni vyema kwenda asubuhi, kabla jua halijawa kali. Michoro haiguswi kwa mkono, kwa kuwa mafuta ya ngozi huiharibu. Wala haimwagiwi maji ili ing'ae kwenye picha, desturi ambayo imeshaidhuru kiasi cha kutosha. Akikuta watu katika tambiko, mgeni na asubiri mbali, asipige picha bila ruhusa.

Watoto wengi wa Afrika Mashariki wanaokulia Muscat, London au Minneapolis hufundishwa kwamba historia huanza pale maandishi yanapoanza. Kondoa inawajibu. Hapa palikuwa na watu waliotazama, wakafikiri, wakaweka alama kwa ajili ya wenzao. Iwapo alama hizo zitadumu kwa karne nyingine, hilo litaamuliwa zaidi na mwanakijiji wa Kolo kuliko mtaalamu yeyote aliye Paris, na ni haki yake kuulizwa kwanza.