Miaka ya Betty Jo Isiyosimuliwa

Kila inapotajwa P-82 Twin Mustang, ndege ya kivita ya Marekani yenye viwiliwili viwili, hakosekani mtu wa kudai kuwa kiwanda cha ndege cha North American kilichukua ndege mbili za kawaida za Mustang kikaziunganisha kwa bawa, basi. Ni porojo. Msanifu Edgar Schmued aliichora upya akianzia kwenye Mustang nyepesi ya majaribio, XP-51F, na kila kiwiliwili kikarefushwa kwa inchi 57 nyuma ya rubani. Mwanzoni iligoma hata kupaa, kwa sababu rafadha zake, zilivyokuwa zikizunguka, zilivuruga hewa juu ya bawa la kati. Mwelekeo ukageuzwa, ikaruka Juni 1945. Vita vya Pili vya Dunia vikaisha. Katika ndege 500 za toleo B zilizoagizwa, zilitoka 20 tu.

Mojawapo ni Betty Jo. Februari 1947 Robert Thacker, aliyeipa jina la mkewe, akiwa na John Ard, aliirusha kutoka Hawaii hadi New York bila kutua: kilomita zaidi ya 8,000 kwa saa 14 na dakika 32. Mashabiki wa rekodi wangali wanabishana kwa nini matangi matatu ya nje hayakudondoshwa njiani. Waache wabishane.

Habari yenyewe iko kwenye picha za maabara ya Lewis ya NACA, taasisi ya Marekani ya utafiti wa urukaji, mjini Cleveland, ambazo wachache huzitazama. Chini ya bawa la Twin Mustang limening'inia bomba lenye kipenyo cha inchi 16, mdomo wazi mbele na nyuma. Hiyo ni ramjeti: jeti isiyo na kompresa wala tabini. Hewa husongwa na mwendo wenyewe, mafuta yakamiminwa, moto ukawashwa. Ndege ikisimama, ramjeti ni bomba tu. Lazima ibebwe juu na kupewa kasi kwanza.

Mbebaji alikuwa ndege hii ya rafadha. Maabara ilianza na ndege ya mfano ya Twin Mustang, XF-82, kisha ikaichukua Betty Jo. Rubani alipanda juu sana karibu na kisiwa cha Wallops, pwani ya Virginia, akaachia mzigo. Bomba lilishika kasi likiporomoka, likawaka, na vipimo vikatumwa kwa redio kabla halijazama baharini. Kila jaribio liligharimu injini nzima. Maarifa yakabaki kwenye karatasi za wahandisi, ambao hakuna aliyewapiga picha wakishangiliwa uwanjani.

Vita vya Korea, ambamo Twin Mustang ziliangusha ndege za adui Juni 1950, vimeandikiwa vya kutosha.

Betty Jo ilistaafu 1957 na kupelekwa makumbusho ya jeshi la anga, Ohio. Miaka miwili baadaye kombora la Marekani la Bomarc, lililosukumwa na ramjeti mbili, likaingia kazini.