Fahamu Ukanda Mvua na Namna Unavyoleta Vuli, Msimu na Masika

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka, kabla ya misimu ya mvua kuanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa mvua kwa kanda mbalimbali za nchi. Katika taarifa hizo, maneno "ukanda mvua" hujitokeza mara kwa mara. Mwananchi anayeyaelewa huweza kuamua kwa uhakika zaidi lini apande mbegu, lini azibue mitaro na lini ahame bondeni.

Ukanda mvua ni nini?

Ni eneo linaloizunguka dunia karibu na ikweta, ambako upepo wa kizio cha kaskazini hukutana na ule wa kizio cha kusini. Jua la utosi hupasha joto ardhi na bahari. Hewa iliyopata joto huwa nyepesi na kupanda, na chini yake hubaki mgandamizo mdogo wa hewa unaovuta upepo kutoka pande zote mbili. Hewa hiyo yenye unyevu hupanda na kupoa, mvuke hugeuka matone, na mawingu mazito ya mvua na radi hujengeka.

Makutano hayo yanatofautiana na yale ya Ulaya. Huko, hewa baridi itokayo upande wa ncha ya dunia hupenya chini ya hewa ya joto na kuisukuma juu. Wanasayansi wa mjini Bergen, Norway, wakiongozwa na Vilhelm Bjerknes, waliieleza hali hiyo baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na kuufananisha mpaka wa hewa hizo mbili na mstari wa mbele wa majeshi vitani. Mpaka huo unapopita, joto huweza kushuka sana ndani ya saa chache. Kwetu, hewa zinazokutana hazipishani sana kwa joto. Mvua hutokana na makutano yenyewe na wingi wa unyevu.

Safari ya ukanda kwa mwaka

Ukanda mvua hulifuata jua, ukichelewa kidogo nyuma yake. Kati ya Oktoba na Desemba huvuka kuelekea kusini na kuleta Vuli katika pwani ya kaskazini, nyanda za juu kaskazini mashariki na ukanda wa Ziwa Viktoria. Unapokaa kusini, mikoa ya magharibi, kati na kusini hupata mvua za Msimu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Machi hadi Mei hurejea kaskazini na kuleta Masika. Kuanzia Juni huwa umekwisha kutuacha, na nchi huingia Kipupwe.

Kwa nini mvua hazilingani?

Milima, maziwa na bahari huubadilisha ukanda huu. Miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro hupata mvua nyingi kuliko ya kaskazini. Bukoba hupokea upepo wa mashariki uliobeba unyevu wa Ziwa Viktoria, ilhali Dodoma hupata wastani wa chini ya milimita 600 kwa mwaka. Aidha, magharibi mwa Bahari ya Hindi panapokuwa na joto kuliko kawaida, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na 2019, mvua za Vuli huongezeka.

Wajibu wa mwananchi

Mkulima asipande kwa kuona wingu moja. Mvua za awali huweza kunyesha kabla ukanda haujaimarika, kisha zikakatika na mbegu zikakauka ardhini. Ni vyema kufuata utabiri wa eneo husika na ushauri wa afisa ugani.

Aidha, wananchi wanakumbushwa kuzingatia rangi za tahadhari: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari na nyekundu ni tahadhari kubwa. Tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yaliikumba Katesh, mkoani Manyara, na kusababisha vifo vya watu zaidi ya 80. Ukanda mvua hauzuiliki, lakini mienendo yake hufuatiliwa kila siku. Anayeishi bondeni au chini ya mteremko aifuatilie taarifa ya kila siku na kuchukua hatua mapema.