Magari ya Njiapanda: Tarehe ya Emali na Probox Zake

Kila Toyota Probox inayozeekea Emali iliwahi kupita Emali ikiwa mgeni. Imeshuka melini Kilindini, ikafungwa bamba la muda la KG mbele na nyuma, ikakabidhiwa dereva wa kukodiwa aipeleke yadi za Nairobi. Hupita hapa usiku au alfajiri, viti bado safi, redio ikinong'ona Kijapani kwenye skrini yake, na pembeni mwa mlango kuna kibandiko kidogo chenye herufi ambazo hakuna mtu wa njia hii awezaye kuzisoma: kumbukumbu ya siku ilipobadilishiwa oili mara ya mwisho huko kwao. Miaka kadhaa baadaye gari lilelile hurudi likiwa na namba za Kenya, keria juu ya paa na springi zilizoinuliwa. Kibandiko bado kipo. Nimekiona katika Probox ambazo rangi yake halisi haijulikani tena kwa vumbi jekundu.

Nimezipanda gari hizi muda mrefu, nikienda na kurudi Matiliku, na naona zinastahili tarehe yake kama wanavyostahili watu na koo. Lakini haiandikiki bila kuanza na njiapanda yenyewe.

Emali ni mtoto wa reli. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, na stesheni zilizopandwa njiani ndizo zilizokuja kuwa miji ya nchi hii kavu: Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Huo wa mwisho ulipewa jina la Sultani Hamoud bin Mohammed wa Unguja. Emali ilipata neema nyingine ambayo jirani zake hawakupata kwa kiasi hicho: ni kilomita zipatazo 120 kutoka Nairobi, na papo hapo barabara inachepuka kwenda kusini, Kimana na Loitokitok, chini ya Kilimanjaro. Upande wa pili njia inapanda kwenda Matiliku na kuendelea hadi Wote. Mkamba analeta ndengu, maembe na machungwa. Mmaasai analeta ng'ombe na mbuzi. Kimana inaleta nyanya na vitunguu. Vyote hukutana hapa, na vyote vinataka gari.

Treni haikuwahi kuyatimiza mahitaji hayo. Inafuata chuma chake tu. Hata treni mpya ya SGR, iliyoanza mwaka 2017 na ambayo ina stesheni Emali, humshusha abiria akiwa na mzigo wake kisha ikaenda zake. Kutoka hapo hadi boma la mtu ni kazi ya magurudumu ya mpira.

Kwa muda mrefu kazi hiyo ya safari ndefu ilikuwa ya Peugeot. Wazee wa steji wakilitaja 504 huketi vizuri kwanza. Lilikuwa gari refu lenye safu tatu za viti, likiunganishwa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, na lilijua kumeza mashimo bila kumwamsha abiria. Kusafiri kwa Peugeot kulikuwa heshima. Tatizo lilikuwa bei ya kulitunza kadiri miaka ilivyosonga na spea zikawa adimu. Gari zuri lisilo na spea ni kama kisima kizuri kisicho na kamba.

Mjapani hakuingia hapa kwa bei peke yake, na hili napenda lieleweke. Aliingia kwa mashindano. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi ilikuwa mtihani ambao magari ya Ulaya yalikuja kufanya wakati wa Pasaka, matope ya masika yakiwa yameiva. Nissan walileta Datsun Bluebird mwaka 1963. Mwaka huo magari 84 yalianza, yakamaliza saba tu, na Bluebird hazikuwamo katika hayo saba. Wangeweza kufunga virago. Badala yake walirudi, wakarudi tena, na mwaka 1970 Edgar Herrmann akashinda kwa Datsun 1600 SSS, kisha mwaka 1971 kwa Datsun 240Z. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mwaka 1973 kwa 240Z, halafu mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Kati ya hapo Joginder Singh wa Kericho alishinda na Mitsubishi Lancer mwaka 1974 na 1976. Toyota nao wakaja na Celica, wakatwaa 1984, 1985 na 1986.

Mtu wa Ukambani hakuhitaji gazeti la magari. Gari lililopigwa na mawe kwa maelfu ya kilomita na likafika lilikuwa ushahidi tosha, na kesho yake aliweza kuliona ndugu yake mdogo sokoni, pikapu ya Datsun 1200 imebeba mitungi ya maji. Ukaribu huo kati ya gari la mshindi na gari la mchuuzi ndio uliojenga imani. Mercedes nayo ilikimbia katika mashindano hayohayo, lakini hakuna mchuuzi wa ndengu aliyewahi kutumaini kuimiliki.

Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Japani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo usukani tayari ulikuwa mahali pake. Sheria ikaja kuweka ukomo: gari lisiwe limezidi umri wa miaka 8. Hapo ndipo Wakenya walipojifunza kuyaita magari kwa namba na herufi zake, kama watu wanaoitana kwa majina ya rika. Corolla ikawa DX, kisha "mia", kisha "mia na kumi", kisha NZE. Hata neno Nissan likahama, likawa jina la kila matatu ya abiria 14, na mtu aliweza kusema amepanda Nissan hali amepanda Toyota Hiace.

Hizo Nissan ndizo zilizobanwa na kanuni za Waziri John Michuki mwezi Februari 2004: vidhibiti mwendo, mikanda kwa kila abiria, mstari wa njano ubavuni. Mwaka 2014 kanuni nyingine zikadai mwenye matatu awe ndani ya kampuni au sacco yenye magari yasiyopungua 30. Zilikuwa kanuni njema, na zimeokoa roho. Ila njia ya kwenda kijijini, yenye abiria sita asubuhi na wanne jioni, haijazi matatu ya watu 14. Dereva akisubiri ijae, nyanya zinaoza. Palihitajika kitu kidogo zaidi.

Kitu hicho kilikuwa kimeshazaliwa. Toyota walitoa Probox mwaka 2002 kuchukua nafasi ya Corolla za mizigo, na jina lake linasema kazi yake: sanduku la mtu wa kazi. Ilikusudiwa wauzaji wa makampuni ya Japani wanaozunguka na sampuli siku nzima. Ndani mna meza ndogo ya kuvuta, muuzaji aandikie au aweke chakula chake cha mchana. Mgongo wake umesimama wima na paa lake halishuki, kwa sababu sanduku linalolala mgongo hupoteza nafasi. Ukilaza viti vya nyuma unapata sakafu iliyonyooka kama jamvi. Injini ni ya lita 1.3 au 1.5, na hiyo ya 1.5, inayoitwa 1NZ, ndiyo ile iliyomo ndani ya Vitz na Fielder. Inazungushwa na cheni, si mkanda wa mpira unaotaka kubadilishwa kila baada ya muda. Kwa hiyo spea yake haitafutwi. Kirinyaga Road, Nairobi, imejaa, na ikikosekana huko, jirani ana Vitz iliyogongwa.

Uzito wake mtupu ni kama tani moja, na nguvu za injini ya 1.5 zinapita kidogo farasi 100. Mwandishi wa magari angeishia kwenye namba hizo. Mimi nakuomba upande siti ya mbele, barabara ya Loitokitok, saa kumi na mbili asubuhi. Lami imenyooka, mlima umejitokeza wote kabla mawingu hayajaamka, gari halina mzigo. Dereva anatia gea ya tatu na Probox inaruka kama mwanambuzi aliyefunguliwa. Usukani ni mwepesi. Kila jiwe unalisikia nyayoni, na ukilisikia jiwe unajua gari linakaa wapi. Gari kubwa la kifahari humficha dereva barabara, hili linamsimulia. Nimewauliza madereva wengi wanalipendea nini, nikitarajia waseme mafuta kidogo. Husema hivyo pia, lakini jambo la kwanza husema, "Hii inaitika."

Kuitika huko kuna thamani yake mtu akikwama. Siku moja tukitoka Matiliku, gurudumu la nyuma lilianza kulia kama panya. Dereva alizima redio, akatuomba tunyamaze, akainamisha kichwa dirishani. "Beringi," akasema. Hakuwa ameshuka. Alipiga simu, bodaboda ikaleta beringi kutoka Emali pamoja na fundi wa umri wa mtoto wa sekondari. Jeki, wilispana, nyundo. Mama mmoja alikuwa na ndizi akatugawia. Tulipomaliza ndizi, gari lilikuwa limesimama kwa miguu yake minne.

Upakiaji nao ni elimu. Dereva huanza na macho: anamtazama abiria, anautazama mzigo wake, anajua nani ashuke wapi.

"Mwaitu, leo una nini?"

"Ndengu magunia mawili. Na huyu jogoo."

"Gunia moja buti, moja keria. Jogoo utampakata?"

"Kwani ni mtoto? Mfunge miguu, akae na ndengu zake."

Nyanya huwekwa mwisho na juu, kwa kuwa kreti ikikandamizwa ni supu inayofika Emali. Mbuzi huingia buti akiwa amelala, kichwa kikielekea mlangoni apate hewa. Kabla ya kuondoka dereva hubonyeza pembe ya nyuma ya gari kwa kiganja, mara moja kulia, mara moja kushoto, aone limekaaje. Mafundi wa hapa wameshaongeza spesa juu ya springi, na wengi hung'oa ringi za 13 wakavika za 14 ili tumbo la gari lipae juu ya mawe.

Hapa lazima niseme la uchungu. Watengenezaji waliandika kwamba gari hili lichukue kilo 400 likiwa na watu wawili, au kilo 250 likiwa na watu watano. Sisi tumelipakia wanane, tisa, na mtu mmoja akigawana kiti na dereva, huku magunia yakiwa palepale. Watatu wa ziada peke yao ni karibu kilo 200, na hakuna hata mmoja kati yao mwenye mkanda. Breki hazikuongezwa kama springi zilivyoongezwa. Gari linaloitika kwa wepesi likiwa tupu haliitiki hivyo likiwa limeshiba kupita kiasi, hasa penye mteremko, hasa lori la Mombasa likiwa mbele. Tumezika watu wa njia hii. Madereva wakirushiwa lawama, nakumbuka pia abiria aliyenisukuma ubavuni akisema, "Songa, bado mmoja anaingia." Nilisonga. Siku hizi sisongi, nashuka ningoje la pili, na ningependa wengi tushuke pamoja.

Mwaka 2014 Toyota walilibadilisha sura: taa mpya, ringi za 14 tangu kiwandani, na gea za mkanda, zile za CVT. Steji ya Emali ililipokea kwa mashaka. Fundi aliyezoea kufungua gea na kuona meno hapendi kuambiwa kwamba ndani mna mkanda wa chuma unaoteleza. Zinazidi kuja hata hivyo, maana ukomo wa miaka 8 hausubiri mtu kupenda. Mwaka 2018 Mazda nao, wenye sifa duniani ya magari matamu kuendesha, walipotaka gari la mizigo kwa soko la kwao, walichukua Probox hiyohiyo wakaibandika alama yao, wakaiita Familia Van.

Zile za kwanza sasa zinaondoka. Nyuma ya vibanda vya steji kuna moja yenye namba za KB ambayo niliipanda ikiwa na nguvu zake. Injini yake imehamia gari la mwenzake na bado inavuta kwenda Matiliku. Milango imegawanywa, mmoja mweupe umo katika gari la kijivu. Kiti cha nyuma kimetolewa kizima, kikapangwa juu ya matofali chini ya mgunga. Juu yake kuna mama wa ndengu, kijana mwenye begi la shule, na nafasi ya mtu mmoja, wakingoja gari lijae.