Tani 27 kutoka Shimba Hills

Kama umewahi kufika Shimba Hills, kule Kwale, pengine ulienda kutazama palahala. Leo nikuonyeshe kitu kingine cha msitu ule: mmea uitwao Maytenus buchananii. Historia yake itakusaidia siku utakapoambiwa, "Mti huu unaua saratani."

Mwaka 1972, mwanakemia S. Morris Kupchan na wenzake huko Marekani walitangaza kemikali mpya, maytansini, kutoka kwa mmea wa ukoo huo uliochumwa Ethiopia. Kemikali hii hushika tubulini, protini ambayo seli huitumia kujenga nyuzi za kuvutia kromosomu inapojigawa. Nyuzi zisipojengeka, seli inakwama, halafu inakufa. Maabarani, kiasi kidogo mno kilitosha kuua seli za saratani.

Shida ilikuwa kuipata. Kilo nzima ya mmea hutoa chini ya miligramu 2! Mmea wa Shimba ulikuwa na kiasi kikubwa kuliko ule wa Ethiopia, basi miaka hiyo ya 1970 zikavunwa huko zaidi ya tani 27 kwa ajili ya utafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Piga hesabu mwenyewe: mzigo wote huo haufikishi gramu 60 za maytansini. Walipouhitaji tena baada ya miaka michache, mmea ulikuwa haujaota vya kutosha.

Na dawa je? Ilifeli. Wagonjwa walitapika, wakaharisha, wengine wakaumia neva, na nafuu waliyopata ilikuwa ndogo. Sumu ile haikujua kuchagua seli.

Lakini kazi haikuishia hapo. Mwaka 1977, watafiti wa Japani waligundua bakteria anayetengeneza kemikali za jamii hiyo hiyo. Bakteria unaweza kumfuga kwenye tangi, huhitaji kung'oa msitu. Baadaye wanasayansi wakaifunga sumu hiyo, ikiwa imebadilishwa kidogo, kwenye kingamwili inayotafuta HER2, protini inayojaa juu ya seli za baadhi ya saratani za matiti. Kingamwili inabisha hodi kwenye seli yenye HER2, inaingizwa ndani, ndipo sumu inapofunguliwa. Dawa hiyo, trastuzumab emtansine, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013. Kutoka 1972, hiyo ni miaka 41.

Sasa rudi kwa yule anayekuambia mti wake unaua saratani. Huenda hakudanganyi. Ila kuua seli kwenye kisahani cha maabara si jambo gumu. Hata Jik inaua. Muulize: inaacha zipi hai? Kipimo ni kipi, na nani amekijaribu kwa wagonjwa? Kama ni ndugu yako anayeumwa, maswali hayo yaulizwe kabla hajaacha matibabu ya hospitali. Na kama mti wenyewe ni wa porini, ongeza moja: tukiung'oa wote leo, kesho tutachunguza nini?