Gobori: Silaha Rahisi Iliyotugharimu Ghali

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho vijana wengi wamekisikia kwa jina tu, na wazee wengi wamekiona kimeegemezwa pembeni mwa nyumba ya babu: gobori, au kama wengi wanavyotamka sasa, gobore.

Watu wa pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Chamazi mpaka Bunju, wana mashamba yao Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo. Nguruwe hula mihogo na ngedere humaliza mahindi, na mwenye shamba huona njia ya karibu ni kutafuta gobori kuukuu kwa bei nafuu, asiulize limetoka wapi wala limepitia mikono ya nani. Swali la bei ni swali halali kwa kila mnunuzi. Lakini bei ya gobori haimo katika shilingi peke yake. Babu zetu walilinunua rahisi, na deni lake likalipwa na watoto na wajukuu. Yafaa tuijue habari hiyo.

Gobori ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdomoni. Mpigaji humimina baruti ndani ya kasiba, hutia kitambaa au makumbi, kisha risasi au marisaa, na kushindilia yote kwa mdeki. La zamani liliwashwa kwa gumegume, yaani jiwe linalogongwa na chuma likatoa cheche; lililofuata liliwashwa kwa fataki. Askari aliyezoea aliweza kupiga mara mbili au tatu kwa dakika moja. Kasiba lake halikuwa na mifereji ya kuizungusha risasi, kwa hiyo kupita hatua mia hivi mlengaji alikuwa akibahatisha tu. Mvua ikinyesha, baruti ililowa na bunduki ikawa rungu. Na kasiba lililoliwa na kutu liliweza kupasuka usoni mwa mwenyewe.

Basi silaha kama hii ilikujaje kuenea pwani na bara yetu? Jibu ni kwamba ilikuwa mitumba ya vita. Kama vile nguo zilizovaliwa Ulaya zinavyomwagwa leo Tandika na Tandale, ndivyo bunduki zilizochoshwa na majeshi ya Ulaya zilivyomwagwa Unguja katika karne ya 19. Kila mara majeshi yale yalipopata silaha mpya, ya zamani ilitafutiwa soko. Waingereza walianza mwaka 1866 kuzigeuza bunduki zao ziwe za kutia risasi kwa nyuma, na mwaka 1871 wakachukua Martini-Henry. Wafaransa walikuwa na Chassepot tangu 1866, na Wajerumani wakachukua Mauser mwaka 1871. Malaki ya magobori yakabaki ghalani bila kazi. Mafundi wa Liège, huko Ubelgiji, walijulikana kwa kuyatengeneza upya na kuunda mengine ya bei ndogo kwa ajili ya soko la Afrika. Kilichokuwa takataka kule kikawa bidhaa huku.

Biashara hiyo ilikuwa na mizizi kabla ya hapo. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba na Wamarekani, na miongoni mwa masharti yake ilikuwa kwamba bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja ziuzwe kwa serikali tu, lakini katika bandari zake nyingine ziuzwe bila kizuizi kwa atoaye bei kubwa. Zingatia sharti hilo, ndugu yangu. Mtawala aliogopa bunduki isifike karibu na kasri yake, lakini hakuogopa isambae Mrima. Baadaye wakaja wafanyabiashara wa Hamburg, na biashara ikapanuka. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 za kila namna zilikuwa zikipita Unguja kila mwaka.

Tujiulize sasa, zililipwa kwa nini? Uzaramo walichimba sandarusi na kuiuza pwani. Bara ya mbali ililipa kwa pembe za ndovu. Na sehemu nyingine ya malipo, ambayo hatuna haki ya kuificha kwa sababu waliohusika walikuwa na majina kama yetu na walisali kama sisi, ilikuwa ni wanadamu. Bunduki ilipeleka misafara bara. Misafara ikarudi na pembe na watumwa. Fedha yake ikanunua bunduki nyingine. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alisimulia mwenyewe maisha yake kwa Kiswahili, na msomaji wa habari zile huona wazi jinsi watu wachache wenye bunduki walivyoweza kuzitiisha nchi za wenye mishale. Mtemi Mirambo wa Urambo naye alijenga dola yake kwa vijana walioshika bunduki, akapigana na wafanyabiashara wa Tabora kuanzia 1871. Kila mmoja aliona kwamba jirani yake analo gobori, na kwamba asipolipata yeye, ndiye atakayeuzwa. Hivyo ndivyo silaha rahisi inavyofanya kazi: hofu ya mmoja huwa faida ya muuzaji, na silaha ya huyu huwa hoja ya yule kununua yake.

Ikafika mwaka 1888. Kampuni ya Wajerumani ilipokuja kuitwaa pwani, mjumbe wao Pangani alikuwa Emil von Zelewski, na ufedhuli wa watu wake, pamoja na habari ya kuvunja heshima ya msikiti, uliwasha moto. Bushiri bin Salim akasimama, na Bwana Heri wa Saadani akasimama. Hapo magobori yalitumika kwa kuitetea nchi, na hatuna budi kuliheshimu hilo. Lakini haki ya vita haihalalishi kila kitendo cha vitani. Tarehe 13 Januari 1889 wapiganaji waliokuwa upande wa Bushiri waliishambulia misheni ya Pugu, karibu na mji wetu huu, wakawaua watawa watatu, mmoja wao mwanamke, na kuwateka wengine. Dini yetu imekataza kuuawa wanawake, na watu waliojitenga kwa ibada bila kupigana. Aliyeshika bunduki siku ile aliisahau hukumu hiyo, na hakuna ushindi uliopatikana kwa kuisahau.

Wajerumani na Waingereza waliizingira pwani kwa manowari tangu Desemba 1888, kusudi silaha zisiingie. Kisha Wissmann akaja na askari wa kukodi, wengi wao kutoka Sudani, wakiwa na bunduki za Mauser na mizinga. Boma la Bushiri karibu na Bagamoyo lilivunjwa tarehe 8 Mei 1889, na yeye akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka ule ule.

Hapa pana jambo ambalo nataka kila mwenye akili alipime. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Walisema ni wa kukomesha biashara ya watumwa, na kwa kweli ndani yake yalikuwamo mema. Zanzibar nayo ilikuwa miongoni mwa waliotia saini. Mkataba ule ulizuia bunduki mpya zenye mifereji zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa watawala na watu wachache walioruhusiwa. Lakini gobori la gumegume lisilo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, liliachiwa mlango wa kuweza kutolewa ghalani na kuuzwa kwa masharti. Maana yake ni nini? Ni kwamba silaha inayoshinda ilibaki mkononi mwa mtawala, na silaha inayoshindwa ikaachwa sokoni kwa mtawaliwa. Tangu siku ile urahisi wa gobori haukuwa bahati ya mnunuzi, bali mpango wa mwenye nguvu.

Majina mawili ya mji wetu yanatufundisha somo hili kila siku, nasi twapita bila kuzingatia. Kinondoni ipo kambi ya jeshi ya Lugalo. Lugalo ni mahali katika Uhehe ambapo tarehe 17 Agosti 1891 watu wa Mtwa Mkwawa waliuvamia msafara wa vita wa yule yule Zelewski. Wahehe wengi walikuwa na mikuki, na bunduki chache. Walijificha, wakasubiri msafara uwe katikati yao, wakaushukia kabla askari hawajajipanga. Zelewski akauawa pamoja na askari zaidi ya 200. Hakuwashinda mwenye silaha bora. Aliwashinda mwenye subira, nidhamu na ujuzi wa nchi yake. Wahehe wakateka bunduki za kisasa zipatazo 300 na mizinga mitatu. Lakini tarehe 30 Oktoba 1894 ngome yao ya Kalenga ilitekwa, ingawa bunduki zile walikuwa nazo. Bunduki bila mafunzo na bila risasi za kutosha ni fimbo ya gharama.

Na Temeke ipo Shule ya Sekondari Kibasila, iliyopewa jina la kiongozi wa Uzaramo wa wakati wa vita vya Maji Maji. Vita vile vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, kwa uchungu wa kulazimishwa kulima pamba. Watu walikuwa na mikuki, mishale na magobori. Waliambiwa kwamba dawa itazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Tusiwacheke. Mtu ambaye mkononi mwake ana gobori, na mbele yake pana bombomu inayotoa mamia ya risasi kwa dakika, hutafuta lolote la kumpa moyo. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, maelfu walilikabili boma lenye bombomu mbili, nao wakafyekwa. Wajerumani wenyewe walihesabu waliokufa katika vita vile kuwa 75,000. Wanahistoria wengine wamekadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa, maana vyakula vilichomwa na mashamba yakaachwa.

Wala mchezo huo wa silaha kuukuu haukuishia kwa waliotawaliwa. Vita Vikuu vilipoanza mwaka 1914, wengi katika askari weusi wa Wajerumani walikuwa bado wamepewa bunduki za mtindo wa 1871, zenye kutoa moshi mzito unaomwonyesha adui alipo mpigaji. Waliokufa kwa ajili ya bendera ya mwingine walipewa hata kufa kwa mitumba.

Ndugu msomaji, wazee wetu walisema: rahisi ghali. Vitabu vya fiqhi tunavyosomesha katika madrasa zetu, katika mlango wa biashara zilizokatazwa, vinataja kumwuzia silaha mtu anayejulikana kuwa ataitumia kwa dhulma au unyang'anyi. Pesa ya biashara hiyo haikuwa safi kwa mfanyabiashara wa Hamburg, haikuwa safi kwa tajiri wa Unguja, na haiwi safi leo kwa fundi wa kichochoroni anayeunda gobori kwa bomba la maji na kulipitisha usiku. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha hata kwa mzaha, na akawaamuru wapitao msikitini na mishale waishike kwenye ncha zake, wasije wakamjeruhi Muislamu. Ikiwa ncha ya mshale ina adabu zake, itakuwaje kasiba lenye baruti?

Basi kwa mwenye shamba nasema hivi. Haja yako ni ya kweli, lakini ipitishe mlango wake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila silaha iwe na kibali, wala ukuukuu wa gobori hauliondoi katika hukumu hiyo. Nenda polisi, uliza, uombe kibali. Na kwa nguruwe na ngedere, mwite ofisa wa wanyamapori, weka ua, washirikishe majirani mlinde kwa zamu. Na aliyerithi gobori la babu asiliweke mvunguni ambapo watoto wanacheza, kwani baruti ya zamani haina ahadi na mtu. Alisalimishe kwa wenye mamlaka. Kitakachobaki nyumbani ni habari yake, na hiyo ndiyo mirathi bora: kwamba tuliuziwa kilichotupwa, tukakilipia kwa watu wetu, na waliotuuzia wakarudi na kipya kuja kututawala.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuitazama bei ya kitu kabla ya kukitia mkononi, awarehemu waliodhulumiwa katika biashara ile, na aidumishe amani ya mji huu ulioitwa kwa jina la salama. Wabillahi tawfiq.