Malaria kali: kimelea kinapokalia kiti cha protini C

Seli za mwili wako hupeana taarifa kwa kutumia protini. Protini moja hubeba ujumbe, nyingine, iitwayo kipokezi, hukaa juu ya seli na kuupokea. Ujumbe ukikatika, mtu huugua. Insulini kwa mwenye kisukari ni mfano unaosikika sana. Sisi wa Hale na Korogwe tunao mwingine wa karibu zaidi: malaria kali.

Mishipa ya damu imetandikwa ndani kwa seli nyembamba, na juu yake kuna kipokezi kiitwacho EPCR. Hicho ni kama kiti cha daladala, na abiria wake ni protini C inayosafiri kwenye damu. Ikikaa hapo huamshwa, kisha huziambia seli za mshipa zishikamane ili maji yasivuje. Pia huzuia damu kuganda ovyo.

Kimelea cha malaria kikiwa ndani ya chembe nyekundu, huchomoza nje protini yake, PfEMP1, ili chembe inate kwenye mshipa na isipelekwe kwenye bandama kuharibiwa. Kina vinasaba takriban 60 vya kutengenezea aina tofauti za protini hiyo. Vimelea vya watoto waliolazwa hospitali ya wilaya hapa Korogwe viliwasaidia watafiti wa Tanzania na wa nje kugundua, mwaka 2012 na 2013, kwamba aina zinazoonekana zaidi kwenye malaria kali hunata kwenye EPCR. Abiria halali anakosa kiti. Mishipa midogo huziba na kuvuja, na ubongo unaweza kuvimba.

Ndiyo maana mtoto aliyekuwa akicheza asubuhi anaweza kupoteza fahamu jioni.

Wodini hatuna dawa ya kubandua kimelea kwenye EPCR. Tunachofanya ni kuua vimelea kwa sindano ya artesuneti, angalau kwa saa 24, kisha dawa mseto kwa siku 3. Kwa hiyo saa unazopoteza nyumbani haziwezi kurudishwa na sindano.

Mpeleke mtoto mara moja akipata degedege, akilegea, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida au viganja vikiwa vyeupe. Bibi akisema ni nyuni, usigombane naye. Mwambie mnaanzia kituoni. Ila usikubali mtoto aliyekaza meno anyweshwe dawa ya mti, maana huingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu na muondoke.

Kama zahanati inamhamishia hospitali, na ana umri chini ya miaka 6, uliza kama amepewa artesuneti kabla ya safari, kwa sindano au kupitia njia ya haja kubwa. Si utovu wa adabu kuuliza. Mimi hufurahi mama akiniuliza.