Vijana Wanne, Shimo Msituni na Pango Ambalo Pumzi za Watu Zilikaribia Kuliua

Ukitaja Ufaransa, wengi wanawaza Paris, mnara wa Eiffel, mpira na manukato. Sawa. Lakini kama kilomita 500 kusini mwa Paris, mkoani Dordogne, kuna kamji kanaitwa Montignac, watu wake hawafiki hata elfu tatu, na kwenye kilima cha jirani kumefungiwa kitu ambacho hela haifungui mlango wake. Uwe na wafuasi milioni kumi mtandaoni, uwe na pasipoti ya kidiplomasia, jibu ni lilelile: huingii.

Kamji kenyewe ni katulivu kinoma. Mto Vézère unapita katikati, nyumba za mawe zimejipanga ukingoni, na juu yake kuna mabaki ya ngome ya watawala wa zamani. Nusu saa ya kutembea taratibu umeshakazunguka, ukikaa mgahawani ndiyo saa moja. Tangu 2020 jina lake rasmi ni Montignac-Lascaux, na hilo neno la pili ndiyo ishu nzima.

Turudi Septemba 1940. Miezi mitatu tu nyuma Ufaransa ilikuwa imepigwa na Ujerumani. Paris ilikuwa mikononi mwa Wanazi, na watu kwa maelfu walikuwa wamekimbilia kusini, upande ambao jeshi la Hitler lilikuwa bado halijaukalia. Montignac ilikuwa upande huo. Kamji ka watu wachache kakajaa wageni, na vijana wakabaki hawana cha kufanya zaidi ya kuzurura msituni.

Tarehe 8 mwezi huo, kijana wa miaka 18 aliyekuwa anajifunza umakenika alikuwa anakatiza kilima na wenzake, mbwa wake mbele. Mbwa akaanza kuhangaika kwenye shimo, mahali ambapo mti mkubwa ulikuwa umeanguka na kung'oka na mizizi yake. Jamaa akatupia mawe. Akasikia yanabingirika, yanabingirika, hayafiki. Wazee wa pale walikuwa na stori ya siku nyingi kuhusu njia ya chini kwa chini yenye hazina. Kwa kijana wa umri ule, maneno hayo matatu, njia, chini, hazina, yanatosha kumnyima usingizi.

Siku nne baadaye, tarehe 12, akarudi kamili: kisu na taa aliyoitengeneza mwenyewe. Safari hii alikuwa na madogo watatu, mdogo kuliko wote akiwa na miaka 13. Huyo wa miaka 13 alikuwa Myahudi, familia yake imekimbia Paris. Wakalichimba shimo mpaka likapitisha mtu, mkubwa akatangulia, kichwa mbele, akateleza mpaka chini. Wengine wakafuata.

Mwanzoni hawakuona kitu. Taa ilikuwa dhaifu na ukumbi mkubwa, kwa hiyo walipita chini ya ng'ombe dume wakubwa kuliko gari bila kujua. Ni walipoingia kwenye kijia chembamba, kuta zikiwa karibu, ndipo mmoja alipoinua taa. Farasi. Ng'ombe wekundu. Kulungu wenye pembe kama matawi. Wanyama kila upande mpaka darini, rangi bado mbichi kana kwamba mchoraji katoka nje kidogo kupunga upepo.

Huyo mchoraji alikuwa ametoka zaidi ya miaka 17,000 iliyopita. Wataalamu wengine siku hizi wanasogeza hadi 20,000 na zaidi. Ili uelewe ukubwa wa hiyo namba: piramidi za Misri hazijafikisha hata miaka 5,000.

Vijana wakaapa kutunza siri. Siri ya vijana wanne, kwenye kamji ambako kila mtu anamjua mwenzake, ikadumu siku chache tu. Wakamwambia mwalimu wao wa zamani, naye akadhani wanamtega wamcheke. Aliposhuka na kujionea, maneno yakamuisha. Tarehe 21 mwezi uleule akafika padri mmoja aliyekuwa gwiji wa michoro ya mapangoni Ulaya nzima, akathibitisha kwamba ni ya kale kweli. Kufikia mwisho wa mwaka serikali ilishaliandika pango kuwa urithi unaolindwa, vita ikiwa bado inaendelea. Wawili kati ya wale vijana walipiga hema mlangoni na kulilinda wenyewe.

Dogo wa miaka 13 hakukaa kulinda. Familia yake ilirudi Paris. Wazazi wake wakakamatwa, wakapelekwa Auschwitz, hawakurudi. Yeye alinusurika, na ndiye aliyeishi muda mrefu kuliko wenzake wote: alifariki 2020 akiwa na miaka 93. Kwenye stori nyingi za Lascaux huyu anatajwa kwa nusu sentensi halafu watu wanahamia kwenye ng'ombe. Anastahili zaidi ya hapo.

Sasa hao ng'ombe. Pangoni kuna wanyama wa rangi kama 600, ukiacha michoro ya kuchonga ambayo ni mingi zaidi ya hiyo. Ng'ombe dume mkubwa kuliko wote ana urefu wa zaidi ya mita 5. Rangi zilitokana na udongo mwekundu na wa njano, na mawe meusi ya manganizi yaliyosagwa. Mwanga ulikuwa taa za mafuta ya wanyama. Moja, ya jiwe, imechongwa vizuri mpaka mpini, iliokotwa chini kabisa ya shimo la ndani. Sehemu nyingine michoro iko juu mno, na ukutani kuna matundu yanayoonyesha walifunga miti kama fundi rangi anavyofunga jukwaa. Yaani hii haikuwa kazi ya mtu mmoja aliyeboreka siku ya mvua. Kulikuwa na maandalizi, kulikuwa na wa kushika taa, kulikuwa na wa kusaga rangi.

Na katika wanyama wote hao, binadamu ni mmoja tu. Yuko kwenye lile shimo la ndani, kachorwa kwa mistari kama wa mtoto wa chekechea, kichwa kama cha ndege, anaanguka mbele ya nyati aliyejeruhiwa. Mtu aliyeweza kumchora farasi akakaribia kukimbia ukutani, binadamu mwenzake alimchora kama fimbo. Tafsiri zimetolewa kibao, na hakuna hata moja iliyofunga mjadala.

Baada ya vita, pango likafunguliwa kwa umma mwaka 1948. Mlango ukapanuliwa, ngazi zikajengwa, taa za umeme zikafungwa, sakafu ikachimbwa ili watu wapite bila kuinama, na humo kwenye udongo uliotolewa zikaenda alama nyingi za wachoraji ambazo leo mtaalamu angezipigia magoti. Wawili kati ya wale vijana wakawa waongozaji wa wageni. Watu walikuja kwelikweli. Katikati ya miaka ya 1950 walikuwa wanaingia kama 1,200 kwa siku.

Hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Watu 1,200 wanapumua. Wanatoa joto, jasho, unyevu na hewa ukaa, na wanaingia na vumbi la viatu. Pango lilikuwa limekaa maelfu ya miaka na hewa yake ileile, baridi ileile. Ikafungwa mashine ya kusafisha hewa, haikutosha. Mwaka 1960 yakaonekana madoa ya kijani: mwani, uliopata mwanga wa taa na unyevu wa watu. Halafu ukaja weupe, fuwele za chokaa zinazoota juu ya rangi. Wenyewe waliita ugonjwa wa kijani na ugonjwa mweupe, kama vile pango ni mgonjwa wodini.

Aprili 1963 waziri wa utamaduni akaamuru lifungwe. Pango lilikuwa limedumu kimya zaidi ya miaka 17,000, na wapenzi wake walihitaji miaka 15 tu kulifikisha hapo. Kwa kamji kadogo, uamuzi ule ulikuwa pigo. Hoteli, migahawa na maduka yalikuwa yanaishi kwa wageni wa kilima. Ila huyo waziri alikuwa sahihi, na ilihitaji roho ngumu kufanya alichofanya, maana hakuna mwanasiasa anayependa kufunga kitu kinacholeta watu na hela.

Kufunga nako hakukumaliza kesi. Mwaka 2001, baada ya mitambo ya hewa kubadilishwa, kuvu jeupe likasambaa kwa kasi pangoni. Wakapambana nalo kwa dawa na chokaa. Baadaye yakaja madoa meusi. Leo wanaoingia ni watafiti na wahifadhi wachache, kwa muda mfupi, wakiwa wamevaa kama watu wa maabara.

Kwa hiyo mtalii wa leo anaona nini? Nakala. Ya kwanza ilifunguliwa 1983, kama mita 200 tu kutoka pango halisi, na sehemu kubwa ya michoro yake ni mkono wa mama mmoja mchoraji aliyetumia miaka zaidi ya kumi na rangi za udongo kama za wenyewe. Ya pili, kubwa na ya kisasa, ilifunguliwa Desemba 2016 chini ya kilima: jengo refu la zege lililolala kama limekatwa ndani ya ardhi, ndani yake pango zima limerudiwa kila bonde na kila nundu la ukuta. Wapo wanaosema wao hawalipii feki. Haya. Lakini waliotengeneza nakala walilazimika kufuata mstari kwa mstari kazi ya watu wasiojulikana hata jina, na mtu akisimama chini ya yule ng'ombe wa mita 5 bado shingo inampinda na simu inashuka yenyewe.

Ukitoka hapo, usikimbilie gari. Panda kilima kwa miguu. Ni msitu wa mialoni na misonobari, kivuli kizuri, na njia za bonde zima zimewekewa alama: mstari wa njano ni njia fupi za pale pale, mweupe na mwekundu ni njia ndefu za kuvuka mikoa. Juu kule utakutana na uzio. Nyuma ya uzio kuna mlango. Hakuna cha kupiga picha, na watu wengi wanapita bila kujua wamepita nini.

Wenye pumzi zaidi wanafuata mto kuelekea kusini, kwa miguu, baiskeli au mtumbwi. Kijiji cha kwanza cha kusimama ni Saint-Léon-sur-Vézère, kina kanisa la mawe la zamani lililokaa ukingoni kabisa mwa mto. Mbele kidogo kuna La Roque Saint-Christophe, ukuta wa mwamba wenye urefu wa karibu kilomita moja na kimo cha mita 80, wenye vibaraza juu ya vibaraza ambavyo watu waliishi tangu enzi za kale mpaka vita vya dini vya karne ya 16. Matundu ya kupachikia boriti za nyumba bado yapo. Ukitazama chini kutoka pale unaelewa fasta kwa nini walipachagua: adui unamwona kabla hajakuona.

Mwisho wa mwendo huo, kama kilomita 25 kutoka Montignac, ni Les Eyzies. Hapo mwaka 1868 iliokotwa mifupa ya watu wa Cro-Magnon, na jina hilo likaingia vitabuni dunia nzima. Hapo pia kuna pango la Font-de-Gaume, ambalo michoro yake ni halisi na bado linapokea wageni. Ila wanahesabiwa: kikundi kidogo, mwongozaji mmoja, muda umepimwa, na wakishatoka wale wa siku hiyo, mlango unafungwa pango lipumzike.